Jinsi ya Kuongeza Umbali wa Bluetooth kwenye Saa Janja ya Bei Nafuu

Saa janja nyingi za bei nafuu, zile zinazopangwa kwenye meza za Kariakoo pamoja na chaja na spika ndogo, zina tabia moja inayowaudhi wenye nazo. Ukiacha simu sebuleni ukaenda jikoni kutazama chungu, saa inatetemeka mkononi, alama ya kukatika inatokea kwenye kioo, na simu ikipigwa huna habari nayo mpaka urudi. Kwenye boksi pameandikwa mita 10, na wewe hujasogea hata mita 6. Mtu huona amepunjwa, naye huanza kutafuta ama namna ya kuirudisha dukani, ama namna ya kuiongezea nguvu.

Nguvu ya redio ya saa ilipangwa kiwandani, wala hakuna kitufe cha kuipandisha. Kinachowezekana, na ambacho mara nyingi hutosha, ni kuacha kuipoteza nguvu hiyo njiani, maana ni ndogo kweli: redio ya saa ya aina hii hurusha takriban miliwati 1, wakati ruta ya Wi-Fi ya nyumbani inaweza kurusha hadi miliwati 100 kwenye masafa yaleyale. Ndiyo sababu intaneti inakufuata mpaka chumbani na saa haikufuati. Tena mazungumzo ya saa na simu ni ya pande mbili. Hata kama simu inasikika vizuri kwenye saa, saa isiposikika kwenye simu mazungumzo yamekwisha, na katika jozi hii mnyonge karibu kila mara ni saa.

Kwanza jua kama ni umbali au ni usingizi

Kabla ya kugusa chochote, tenganisha matatizo mawili yanayofanana kwa sura. La kwanza ni mawimbi kutofika kweli. La pili ni simu kuilaza programu ya saa ili kuokoa betri, halafu mwenye saa akadhani ni umbali, kwa kuwa hugundua kukatika huko akiwa mbali na simu. Katika saa za ndugu na majirani nilizoletewa nizitazame, hili la pili ndilo lililoongoza, nalo hutibika bila kutoa hata shilingi.

Kipimo chake ni rahisi. Weka saa na simu juu ya meza moja, zikiwa zimeachana kwa urefu wa kiganja, zima kioo cha simu, kisha uziache kwa dakika 60 bila kuzigusa. Muda huo ukiisha, mwombe mtu akutumie ujumbe wa WhatsApp. Ujumbe ukiingia kwenye simu na saa ikabaki kimya, basi hakuna ukuta wala mwili uliozuia kitu. Tatizo liko ndani ya simu, na hata ukinunua saa ya bei mara tatu utalikuta palepale. Saa ikitetemeka kama kawaida, hapo ndipo unaweza kuanza kuzungumzia umbali.

Ikiwa ni usingizi, fungua Mipangilio ya simu, nenda kwenye orodha ya programu, tafuta programu ya saa yako (Da Fit, FitPro au nyingine yoyote iliyotajwa kwenye kikaratasi cha ndani ya boksi), na kwenye sehemu ya betri uiruhusu itumie betri bila kubanwa. Simu nyingi za Android zina pia mahali pengine panapoamua ni programu zipi ziruhusiwe kujiwasha zenyewe. Aghalabu huwa ndani ya programu ya usimamizi wa simu iliyokuja nayo, ile inayokuhimiza kila siku usafishe kumbukumbu. Iruhusu saa huko nako, na uache kubofya kile kitufe cha kusafisha, kwa sababu kila ukikibofya unaifuta programu ya saa pamoja na takataka.

Kuna ruhusa mbili ambazo watu huzikataa kwa tahadhari njema lakini mahali pasipofaa. Kuanzia Android 6 hadi Android 11, simu hairuhusu programu kutafuta vifaa vya Bluetooth vya nguvu ndogo bila ruhusa ya mahali ulipo. Kuanzia Android 12 ikaja ruhusa ya pekee ya vifaa vilivyo karibu. Ukiinyima programu ruhusa inayohusika, saa ikikatika mara moja huenda isirudi yenyewe, na wewe utaona kama saa imeshindwa kuruka ukuta. Wenye iPhone wana kosa lao: kuitelezesha programu juu ili kuifunga kabisa, wakidhani wanaokoa betri. Ukifanya hivyo, mfumo hauiamshi tena kwa nyuma mpaka uifungue kwa mkono.

Jambo la mwisho hapa ni namna saa ilivyounganishwa. Saa ya aina hii huunganishwa kutoka ndani ya programu yake, si kutoka kwenye orodha ya Bluetooth ya simu. Lakini saa zenye uwezo wa kupokea simu, zile zenye kipaza sauti na spika, huwa na viunganisho viwili: kimoja cha nguvu ndogo kwa ajili ya arifa na hatua za miguu, na kingine cha Bluetooth ya kawaida kwa ajili ya sauti, ambacho huonekana kwenye orodha ya simu kwa jina linalokaribiana na la kwanza. Kimoja kinaweza kukatika na kingine kikabaki. Mtu anayelalamika kwamba simu zinaita kwenye saa ila ujumbe hauji hana tatizo la umbali hata kidogo. Akiviondoa viunganisho vyote viwili, akazima simu na kuiwasha tena, kisha akaanza upya kutoka kwenye programu, mara nyingi mambo hukaa sawa.

Pima kwa namba

Ukishajua kwamba tatizo ni la mawimbi, usibahatishe. Ipo programu ya bure inayoitwa nRF Connect, iliyotengenezwa na kampuni ya Nordic Semiconductor ya Norwei, inayopatikana kwa Android na iPhone. Huorodhesha vifaa vya Bluetooth vya nguvu ndogo vilivyo karibu na kuonyesha nguvu ya mawimbi ya kila kimoja kwa namba hasi. Namba iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu: -50 ni sauti ya mtu aliye mbele yako, -70 ni ya mtu aliye ng'ambo ya chumba, na -90 ni mnong'ono ambao simu nyingi zinaupata kwa kubahatisha. Hasi hizi huwachanganya watu, na nimewahi kuona mtu akifurahi kwamba saa yake imepanda kutoka 60 hadi 88.

Kuna mtego mmoja unaowakwamisha wengi hapo mwanzo. Saa iliyokwisha kuunganishwa na simu kwa kawaida huacha kujitangaza, kwa hiyo ukifungua nRF Connect hutaiona, na unaweza kudhani imekufa. Zima kwanza Bluetooth ya simu iliyoungana nayo, kisha pima kwa simu ya pili. Au kama una simu moja tu, tenganisha saa kutoka ndani ya programu yake. Ikishakuwa huru itaanza kujitangaza, nayo itaonekana kwa jina lake.

Namba hizo hurukaruka hata kama hakuna kinachosogea, kwa hiyo usisome mara moja ukaandika. Tazama kwa sekunde 10 au 15 na uchukue ile inayojirudia zaidi. Anza kwa kuweka saa peke yake juu ya kiti cha mbao au cha plastiki, simu ikiwa mita 1 kutoka hapo, bila mtu katikati. Saa isiyo na kasoro, hata ya bei ndogo, kwa kawaida husoma kati ya -55 na -70 katika umbali huo. Andika namba hiyo mahali, kwa sababu kila utakachojaribu baadaye utakilinganisha nayo.

Ili namba hizo ziwe na maana, kumbuka kanuni mbili. Namba hizo huhesabiwa kwa desibeli, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Zikipotea desibeli 10, kinachobaki ni sehemu moja ya kumi ya nguvu. Na mahali pa wazi, kila desibeli 6 unazookoa huongeza umbali mara mbili. Kwa hiyo ukibadilisha kitu na namba ikatoka -82 ikawa -76, usidharau. Kwa hesabu umeigeuza saa ya mita 6 kuwa ya mita 12, ingawa ndani ya nyumba yenye kuta faida huwa pungufu ya hapo.

Mwili wako ndio ukuta wa kwanza

Watu hutafuta kosa kwenye kuta, kwenye saa, na kwenye simu, wakasahau kile kinachotembea na saa siku nzima. Bluetooth husafiri kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambayo wimbi lake lina urefu wa kama sentimita 12.5. Mwili wa binadamu, ambao sehemu kubwa ni maji, huyanyonya mawimbi hayo badala ya kuyapitisha. Saa iliyo kwenye mkono wa kushoto na simu iliyo mfuko wa nyuma wa kulia zina nyonga, tumbo na nyama ya paja katikati yao, na mawimbi hayana budi kuzunguka.

Nilijaribu hili kwenye korido ya nyumba yangu. Niliiacha saa ikijitangaza kwenye mkono wa kushoto, nikafungua grafu ya nguvu ya mawimbi kwenye nRF Connect, nikaitia simu mfuko wa mbele wa kushoto huku kioo kikiwa kimewaka, nikasimama kwa muda, kisha nikaihamishia mfuko wa nyuma wa kulia na kusimama tena. Nilipoitoa kutazama, mstari ulikuwa umetambaa karibu na -62 kwa nusu ya kwanza, ukaporomoka hadi -85 kwa nusu ya pili. Ni saa ileile, simu ileile, mtu yuleyule, na umbali kati ya saa na simu haukuzidi mita 1. Kupotea kwa desibeli 10 hadi 20 kwa sababu ya mwili ni jambo la kawaida kwenye masafa haya.

Hapa panajibiwa pia fumbo linalowasumbua wakimbiaji. Saa hufanya kazi vizuri nyumbani, lakini mtu akienda kukimbia ufukweni au kwenye uwanja wa mpira, muziki na arifa zinakatika ingawa simu iko mfukoni mwake. Mantiki ya kawaida inasema mahali pa wazi pangekuwa bora, kwa kuwa hakuna kuta. Kinachotokea ni kwamba nyumbani kuta, dari na sakafu huyarudisha mawimbi, yakazunguka mwili na kuifikia simu kwa njia nyingine. Uwanjani hakuna cha kuyarudisha. Yakishazuiwa na mwili yameishia hapo. Ukiwa mahali pa wazi, kwa hiyo, upande uliobeba simu una maana kuliko ukiwa ndani.

Tiba haina gharama. Beba simu upande uleule wa mwili ulio na saa, mfuko wa mbele kuliko wa nyuma, au kwenye mkoba wa mkono wa juu ikiwa unakimbia. Mwendesha bodaboda anayeweka simu mfuko wa kifuani chini ya koti atapata matokeo mazuri kuliko anayeikalia. Mwenye mkoba wa begani aiweke simu kwenye mfuko wa nje, si chini kabisa kati ya chupa ya maji na kompyuta ndogo, kwa maana chupa ya maji ni kama kipande kingine cha mwili, na kompyuta ina bamba la chuma au aluminiamu. Kama huna sababu ya kidini au ya mazoea inayokuzuia, kuhamisha saa mkono wa pili nako kunatosha. Tatizo ni pale mkono, mfuko na tabia vinapokinzana, na hapo amua kipi ni rahisi kwako kukibadilisha.

Nyumba, duka na kontena

Kuta hazilingani. Ukuta wa matofali ya saruji yaliyo wazi ndani hupunguza mawimbi kwa kiasi, nguzo na zege lenye nondo huyapunguza zaidi, na kuta za zamani za mawe ya matumbawe, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar au za Lamu, ambazo unene wake waweza kufika nusu mita, ni kesi nyingine kabisa. Katika nyumba ya namna hiyo usitegemee saa ivuke ukuta, tegemea milango. Mawimbi hupita palipo wazi kama mwanga wa taa unavyomwagika koridoni, na simu iliyowekwa pahali panapouona mlango itaifikia saa vyumba viwili mbele, wakati simu iliyo nyuma ya ukuta wa chumba hichohicho haitaifikia.

Chuma hakina huruma. Mabati, mlango wa geti, friji, kabati la chuma, tangi la maji na hata kioo kikubwa cha kujitazamia, ambacho nyuma yake kina utando wa madini, vyote huyarudisha mawimbi yalikotoka. Muuza duka aliye ndani ya kontena anayeacha simu kwenye chaji kule nyuma na kukaa nje kwenye benchi amejifungia simu kwenye sanduku la chuma, na saa haina njia ila mlango. Simu ikisogezwa mpaka kwenye rafu iliyo karibu na mlango, mambo hubadilika siku hiyohiyo.

Nyumbani, mahali pabaya ambapo watu wengi huweka simu ni juu ya friji, kwa sababu pana soketi karibu na watoto hawafiki. Hata mimi nilikuwa naiweka hapo. Simu iliyolazwa juu ya bamba la chuma huathirika kwa njia mbili: chuma huziba upande wote wa chini, na antena za simu, ambazo ziko kwenye kingo zake, hazifanyi kazi vizuri zikiwa karibu na chuma. Niliihamishia kwenye rafu ya mbao iliyo koridoni, kimo cha kifua, nikapata chumba kizima cha ziada. Kimo hicho kina faida yake pia, maana simu iliyo chini sakafuni ina meza, viti na watu wa kupita juu yake. Na ukitazama kava la simu yako, kama lina sahani ya chuma ya kushikiza kwenye gari, livue kisha upime tena kabla ya kuendelea na lolote lingine.

Kelele za majirani

Masafa ya gigahezi 2.4 hayana mwenyewe. Wi-Fi, maikrowevu, vipanya visivyo na waya, vifaa vya kuchezea vya watoto, vyote vimo humo. Bluetooth iliundwa ikijua hilo: toleo la nguvu ndogo limegawa masafa hayo katika chaneli 40, nayo hurukaruka kutoka chaneli moja hadi nyingine, ikikwepa zile zilizojaa. Chaneli tatu inazotumia kujitangazia, kwenye megahezi 2402, 2426 na 2480, zilichaguliwa zipite kwenye mianya ya chaneli 1, 6 na 11 za Wi-Fi, ambazo ndizo hutumika zaidi. Kwa hiyo usiharakishe kuilaumu Wi-Fi ya jirani. Kelele hufupisha umbali kwa kuwa simu inashindwa kuusikia mnong'ono wa saa katikati ya zogo, lakini mahali palipo na ruta mbili au tatu tu athari yake ni ndogo kuliko ya mfuko wa nyuma.

Kelele kubwa mara nyingi hutoka ndani ya simu yenyewe. Katika simu nyingi Wi-Fi ya gigahezi 2.4 na Bluetooth hutumia chipu moja na wakati mwingine antena moja, kwa hiyo hupokezana muda. Ukiwasha mtandaopepe (hotspot) ili kompyuta ipakue faili kubwa, huku ukisikiliza muziki kwa spika za masikioni, saa hupewa makombo. Ikiwa simu na ruta zako zina gigahezi 5, hamishia Wi-Fi huko, na mtandaopepe vilevile. Faida huonekana papo hapo. Maikrowevu, ambayo hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45, huvuruga kwa dakika zile inapopasha chakula tu, basi. Wanaofanya kazi mezani wajihadhari na diski za nje na vigawanyio vya USB 3.0: kelele zake kwenye masafa haya zinajulikana, na Intel yenyewe ilizieleza katika waraka wa mwaka 2012. Kuisogeza simu nusu mita kutoka kwenye waya wa diski kunatosha.

Saa yenyewe

Tukija kwenye saa, kagua kamba. Kamba ya chuma, hasa ile ya wavu inayojibana kwa sumaku, huzunguka mkono kama pete karibu kabisa na antena, na antena iliyopimwa kiwandani pamoja na kamba ya silikoni huenda isikubaliane nayo. Kava la chuma la kulinda kingo za saa ni baya zaidi, kwa sababu linaizunguka pande zote. Vua, pima, vaa, pima. Ukikuta tofauti ya desibeli 3 achana nayo. Ukikuta 8 au 10, rudisha kamba iliyokuja na saa.

Kagua pia hali ya kuokoa betri ya saa, maana saa nyingine hupunguza mawasiliano au huyakata kabisa chaji ikishuka. Kama programu inakupa sasisho la mfumo wa saa, lifanye betri ya saa ikiwa imezidi nusu na simu ikiwa kando yake, bila kutoka kwenda popote, kwa sababu sasisho likikatika katikati saa ya aina hii inaweza isiwake tena, na muuzaji hatakuelewa. Sasisho halipandishi nguvu ya redio kwa kawaida, ila linaweza kurekebisha namna saa inavyojirudisha baada ya kukatika, na hilo kwa mtumiaji ni karibu sawa.

Usivutwe na namba ya toleo. Bluetooth ya nguvu ndogo ilikuja na toleo la 4.0 mwaka 2010, na toleo la 5 lililotangazwa mwaka 2016 lilileta njia ya kufika mbali zaidi kwa kupunguza kasi. Lakini njia hiyo ni ya hiari: mtengenezaji anaweza kuandika 5.0 au 5.3 kwenye boksi bila kuiweka, na hata akiiweka, simu na programu nazo lazima ziitumie. Kwenye saa za bei nafuu sijaikuta ikitumika. Programu zinazojiita za kuongeza nguvu ya Bluetooth, na vile vibandiko vya rangi ya dhahabu vinavyouzwa kama antena, haviongezi kitu. Programu ya kawaida haina ruhusa ya kuigusa nguvu ya redio, na kibandiko kisichounganishwa na antena ni pambo.

Pale inapobidi kuifungua

Mpaka hapa, ikiwa saa iliyo peke yake juu ya kiti katika umbali wa mita 1 bado inasoma -80 au chini ya hapo, huku saa nyingine ya aina hiyohiyo ikisoma -60, basi antena yake ina kasoro. Hutokea zaidi kwa saa iliyoanguka au iliyobadilishwa kioo. Ndani yake antena huwa ama mchoro kwenye ubao wa umeme, ama kijipande cha kauri, ama utepe mwembamba uliobandikwa kwenye ganda na kugusana na ubao kwa springi ndogo. Springi ikipinda au gundi ikiachia, redio inabaki inanong'ona bila mdomo.

Kazi hiyo mpe fundi simu mwenye mkono mwepesi, na umweleze unachotaka: akague mguso wa antena, ausafishe, aurudishe mahali pake. Mkataze kuunga waya mrefu zaidi kwa nia ya kuongeza umbali. Robo ya wimbi kwenye masafa haya ni kama milimita 31, na antena imekatwa kwa kipimo kinachoendana na ganda, betri na ubao. Waya wa ziada huivuruga, na mara nyingi umbali hupungua badala ya kuongezeka. Betri ya ndani ni ya lithiamu yenye ganda laini, ikitobolewa na bisibisi inaweza kuwaka. Na ujue kwamba saa iliyofunguliwa imepoteza ule mpira au gundi iliyokuwa ikizuia maji, hata kama imefungwa vizuri kwa macho, kwa hiyo ivue unapotawadha, unapofua na unapooga.

Mara nyingi gharama ya fundi hukaribia bei ya saa mpya. Ukiamua kununua nyingine, usilipe kabla ya kuipima. Omba iwashwe, fungua nRF Connect, soma namba yake juu ya kaunta ukiwa umesimama hatua moja nyuma, kisha iunganishe na simu yako kwa programu yake, ivae mkono utakaokuwa ukiivalia, tia simu mfuko wako wa kila siku, na umwombe muuzaji akupigie. Baada ya hapo iache simu kwa mwenzako mlangoni, tembea mpaka duka la nne la safu hiyo, ukiwa umeipa simu mgongo, na apige tena.